Pua ya Fundi

Watu wa kazi walimwita Fundi Pua, na jina hilo halikuwa la kumcheka. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, wala si ndefu wala si bapa, ila ilikuwa na akili kuliko vichwa vingi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akipaka mbao za majengo ya biashara: milango ya mabenki, kaunta za hoteli, ngazi za maofisi, mabenchi ya mbele ya maduka yanayopigwa jua mchana na mvua jioni. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuhangaika na maandishi ya kopo. Alifungua kifuniko, akainamisha kichwa mara moja, akasema: hii ya ndani, hii ya nje, hii imechakachuliwa, hii imelala dukani mpaka imekufa. Muuza rangi alimwogopa kuliko alivyomwogopa mkaguzi wa serikali.

Asiyeijua kazi hii atauliza, ndani na nje vina tofauti gani, mbao si mbao? Zina tofauti kubwa. Mbao ya ndani inataka kupendezeshwa: msasa, rangi ya kupenya, vanishi juu yake, ili kikombe cha chai kisiache duara kwenye meza ya mkurugenzi. Mbao ya nje ina vita. Inapigana na jua, maji, ukungu na mchwa, kwa hiyo rangi yake huchanganywa na dawa. Dawa hiyo ni sumu, hakuna haja ya kulipamba neno. Anayeipaka huvaa glavu, hafuti jasho kwa kiganja, na haipaki kamwe mahali watu wanapolala au kulia chakula. Kwa watoto ndiyo kabisa, hata kuzungumza hatuzungumzi.

Basi Fundi Pua alikuwa na mtindo wake. Alinunua rangi kwenye madebe makubwa, akazimimina katika makopo matupu ya maziwa ya unga, mepesi kubeba na yenye mdomo mpana wa kutosha brashi. Makopo hayakuwa na alama. Mafundi wengine waliandika kwa kalamu ya wino mzito, yeye akiwatania kwamba wanasoma rangi kama watoto wa darasa la kwanza. Pua yake ilikuwa ikimtosha.

Kisha pua ikafa.

Ilianza kwa mafua mazito yaliyomlaza wiki nzima. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, yeye akarudi kazini, akafungua kopo la tina, ile ya kuyeyushia rangi, akainamisha kichwa kama kawaida. Hakusikia kitu. Tina, ambayo huwafanya watu wazima watokwe na machozi, ilikuwa kama maji ya mvua. Akajipa moyo kwamba mafua hayajaisha. Akangoja wiki, akangoja mwezi. Akajifukiza mvuke, akala vitunguu vibichi, akanusa sabuni, mafuta ya taa na viatu vyake mwenyewe. Kote kulikuwa kimya.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake la kwanza, nalo ni kosa ambalo mimi na wewe pia tungelifanya: alinyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mtu anaijua methali hiyo na kila mtu huficha. Angewaambiaje watu? Wakandarasi walimtafuta kwa ajili ya pua. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita, na bintiye wa pekee alikuwa na usemi mmoja tu, kwamba baba amechoka sasa, baba apumzike. Kupumzika alikuwa akikuogopa kuliko ugonjwa. Akaendelea kuinamisha kichwa juu ya makopo, akikunja uso kama mtu anayesikia, na watu wakaendelea kumwamini.

Miezi mitano ya kwanza alikwenda kwa kumbukumbu. Rangi hii nimeimimina kopo hili, ile nimeiweka upande ule. Baadaye akaanza kujiogopa mwenyewe, akabuni dawa: kopo la rangi ya nje alilifunga kamba nyekundu kwenye waya wa kubebea. Hakumwambia mtu, kwa maana angeulizwa, Fundi Pua na kamba wapi na wapi?

Kazi ya safari hii ilikuwa kwenye jengo la orofa sita, maduka chini, maofisi juu. Mwenye jengo alikuwa ameamua kufungua chumba cha watoto wadogo wa wafanyakazi, nyuma kabisa ya orofa ya chini, chenye mlango wa kutokea uani. Chumba kilikuwa na rafu fupi za midoli, vitanda vidogo kumi na vinane vya mbao na upau mrefu uliofungwa ukutani, ili watoto wanaojifunza kusimama waushike. Mwenye jengo alitaka mbao zote zifanane, za ndani na za uani, rangi moja ya asali. Fundi Pua mwenyewe ndiye aliyezichanganya zile rangi mbili, ya ndani na ya nje, kila moja kwenye debe lake, mpaka zikalingana hivi kwamba ukizimwaga ubaoni huwezi kuzitofautisha. Alijivunia sana. Jicho lake halikuwa na hitilafu.

Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mshona nguo wa zamani ambaye cherehani yake iliharibika na subira yake ikaharibika pamoja nayo. Alikuwa mtu wa mikono safi na mdomo mrefu. Hakujua kitu kuhusu rangi, na alikiri hivyo kwa furaha, akisema kuwa shemeji yake ana pua za watu wawili, moja ni ya kwake.

Ijumaa, Fundi Pua alipaka chumba cha watoto. Alikuta makopo mawili yamesimama stoo. Akalitazama lililokuwa karibu, halina kamba, akalichukua. Lisilo na kamba ni la ndani, ndivyo alivyokuwa amejipangia. Lile la pili hakulitazama. Shemeji alipouliza achukue lipi kwa milango ya uani, akaambiwa lililobaki. Wakafanya kazi siku nzima, huyu ndani, yule nje. Alipaka taratibu, kwa kitambaa kwanza kisha brashi, akifuata mkondo wa mbao. Kingo za vitanda alikuwa amezisugua msasa mpaka zikawa mviringo, maana alijua watoto wa umri ule hutafuna kila wanachokishika, na mmoja wao alikuwa mjukuu wake mwenyewe, wa miezi kumi, ambaye meno yalikuwa yakimtoka kwa vurugu. Jioni shemeji aliosha makopo yote mawili kwa tina yakang'aa, wakafunga madirisha wasije paka wakaingia, wakaenda zao.

Jumamosi walirudi kumalizia milango ya uani. Saa nne wakakaa kunywa chai. Shemeji alikuwa akisimulia habari ndefu ya bwana harusi aliyemshonea suruali yenye miguu isiyolingana, na mkononi alikuwa akiichezea brashi yake ya zamani, iliyokuwa ikipukutisha nywele. Shingo ya brashi ilikuwa imekazwa kwa kamba. Kamba ilikuwa nyekundu.

"Hiyo kamba umeitoa wapi?" Fundi Pua akauliza.

"Kwenye kopo. Ilikuwa inaning'inia tu."

"Lini?"

"Jana asubuhi, kabla hujaingia kwa watoto." Shemeji akamtazama. "Vipi, ulikuwa na kazi nayo?"

Fundi Pua akasema hapana. Akaweka kikombe chini. Alijiona kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akajaribu kukumbuka lile kopo alilolichukua lilikuwa upande gani wa stoo, na kumbukumbu ikamletea picha mbili, zote safi, zote za kweli, kopo la kushoto na kopo la kulia. Kisha akakumbuka jambo jingine. Ijumaa jioni mikono yake ilikuwa ikimwasha, mashavu pia, kama mtu aliyeshika pilipili. Hakuvaa glavu, kwa nini avae, alikuwa akipaka rangi ya ndani. Aliona ni uchovu.

Akainuka akaingia chumba cha watoto, akafunga mlango nyuma yake. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvipaka. Mwanga wa uani uliingia kwenye vioo ukalala juu ya vitanda. Akapiga magoti, akaweka pua kwenye ukingo wa kitanda, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Akahamia kitanda cha pili, cha tatu. Akaramba. Ulimi ukasema chungu, lakini rangi gani ya mbao iliyo tamu? Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, yuko magotini akiramba kitanda cha mtoto, na alikuwa akiogopa kama hajawahi kuogopa, hata siku ile daktari alipotoka chumba alicholazwa mkewe akiwa amevua miwani.

Alimwita shemeji. Akamuuliza kwa sauti ya mtu anayemjaribu mwanafunzi, humu ndani anasikia harufu gani, ya ndani au ya nje? Shemeji alivuta pumzi kwa bidii, akasema anasikia harufu ya rangi. Zote zilinuka rangi, mbona, mwenye pua si yuko hapa? Akacheka. Fundi Pua naye akacheka, jasho jembamba likimtiririka mgongoni.

Wazo la sisimizi lilimjia baada ya shemeji kuondoka mchana ule. Kama ni dawa ya mchwa, wadudu wengine pia hawatapona. Akaenda uani, akakusanya sisimizi saba katika kiberiti, akawamwaga juu ya rafu ya midoli, akachuchumaa kuwaangalia. Wawili walijirusha chini papo hapo wakapotea. Mmoja alizunguka, akasimama, akachezesha miguu ya mbele kama anayenawa uso. Watatu walitembea mpaka ukutani, wakaingia kwenye ufa. Wa saba alijikunja akafa. Fundi Pua akamgusa kwa ncha ya msasa. Amekufa kwa sumu, au ameminywa na kiberiti? Na yule anayenawa, ananawa au anakata roho? Akasubiri. Mlinzi wa jengo alipopita dirishani alimkuta fundi mzima amechuchumaa mbele ya rafu akizungumza na sisimizi, akaona ni mambo ya mafundi, akapita.

Unaweza kuuliza, kwa nini asiende moja kwa moja kwa mwenye jengo akasema wasifungue Jumatatu? Nami nimejiuliza. Angelisema hivyo, swali la pili lingekuwa kwa nini, na jibu la swali hilo alikuwa amelikalia miezi minane. Mtu akikalia siri muda mrefu, siri inaota mizizi, na kuinuka ni lazima ing'oke na nyama. Isitoshe, hakuwa na hakika. Nusu kwa nusu. Kila alipofikia kusema, ile nusu njema ilimvuta shati: je kama ni ya ndani, si utakuwa umejimaliza bure?

Jumapili alikwenda kwa bintiye. Bintiye alikuwa mtengeneza chai wa maofisi ya orofa ya nne katika jengo lile lile, na kile chumba cha watoto alikuwa amekisubiri kama mwezi mwandamo. Jirani aliyemshikia mtoto alikuwa anahama. Juu ya meza alikwisha kupanga mfuko wa kesho: nepi, kijiko, blanketi yenye picha ya tembo. Mtoto alikuwa sakafuni, akatambaa mpaka kwa babu yake, akajivuta kwenye suruali yake akasimama, akaukamata mkono wa kiti na kuutia mdomoni. Aliutafuna kwa dhati, mate yakidondoka, akimwangalia babu kwa macho ya kutaka sifa.

Fundi Pua alimwinua akamtoa pale kwa haraka hata mtoto akaangua kilio. Akaenda kunawa mikono. Akarudi, akaenda kunawa tena.

"Kesho usimpeleke," akasema.

Bintiye alikuwa akikunja nguo. Alitaka kujua kwa nini. Fundi Pua akasema rangi bado mbichi. Bintiye akakumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema siku mbili zinatosha, tena alisema ni rangi ya watoto, mtoto anaweza kuilamba. Baba yake akasema basi tu, amwache wiki hii. Amwache kwa nani, bintiye akauliza, na huku akawa ameacha kukunja nguo. Wakatazamana. Binti alikuwa na macho ya mama yake, macho yasiyopokea risiti bandia.

"Tumeandikisha watoto kumi na wanane, baba," akasema polepole. "Huyu nimwache. Na hao kumi na saba?"

Mpaka dakika ile Fundi Pua alikuwa hajajiona alivyo. Alikuwa ametoka nyumbani kwake, amevaa shati safi, amekuja kuokoa mtoto mmoja na kuwaacha wengine waende wakatafune. Aibu ikampanda usoni, ila hofu ilikuwa imeitangulia. Alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga vizuri, na nyuma yake mtoto alikuwa bado analia.

Usiku huo usingizi ulimpitia mbali. Alfajiri aliposikia mlango ukigongwa alikuwa amekaa kitandani amevaa viatu. Alikuwa ni bintiye, mtoto mgongoni, mfuko wa nepi begani. Hakuuliza hali. Alisema tu, "Twende ukanionyeshe hicho chumba," akatangulia.

Njiani Fundi Pua alijiambia mara kumi kwamba atasema wakifika kwenye kona, na kila kona waliipita. Mlinzi aliwafungulia, akatania kwamba leo fundi amekuja na mkaguzi. Fundi Pua alisukuma mlango wa chumba cha watoto. Madirisha yalikuwa yamefungwa tangu Ijumaa, ukiacha ule mlango aliopita Jumamosi. Yeye aliingia akasimama katikati, kila kitu kimetulia, kimeng'aa, kimenyamaza. Alivuta pumzi. Hewa tupu.

Bintiye aliweka mguu mmoja ndani akaurudisha. Alivuta khanga aliyombebea mtoto akamfunika uso, kisha akajifunika mwenyewe, machozi yakimlengalenga.

"Baba," akasema kutoka nje ya mlango, "husikii?"

Alitaka kusema anasikia. Midomo ilikwisha kujipanga. Lakini hakujua alipaswa kusikia nini, na uongo unahitaji angalau kujua hilo.

"Sisikii," akasema.

Bintiye alisema ile ni harufu ya ovaroli ambayo baba alikuwa akiivaa akipaka mbao za nje. Mama hakuwa akiiruhusu kupita mlangoni, aliitundika dirishani kwa upande wa barabara, na kama baba amepaka nje siku hiyo hakumruhusu kumbeba mtoto mpaka aoge. Yeye ndiye aliyekuwa huyo mtoto, alikuwa akisimama mlangoni kumngojea baba atoke bafuni. Harufu ile angeijua hata ndotoni. Hakupandisha sauti hata kidogo, na Fundi Pua alitamani angepandisha.

Basi nusu kwa nusu ikawa imekwisha. Ilibaki nzima.

Saa moja na nusu watoto walianza kuletwa. Walikuja migongoni na mikononi, wengine wakivutwa, wengine wamelala bado, mama zao wamevaa nguo za kazi na macho yao kwenye saa. Msimamizi wa chumba, mwanamke mnene mwenye sauti laini ambaye wote walimwita Mwalimu, alifika na boksi la midoli kifuani. Alimkuta Fundi Pua amesimama mlangoni, mikono ameitanua kutoka mwimo hadi mwimo, amekuwa mweupe midomo. Bintiye alikuwa pembeni. Alikuwa amemwambia, kama unashindwa nitasema mimi, naye akatikisa kichwa kukataa.

Mwalimu alimsalimia, akamwomba apishe. Hakupisha. Akasema chumba hakifai, asiingie mtoto yeyote, kuna rangi mbaya. Mwalimu akanyoosha shingo juu ya bega lake, akanusa, akakunja uso.

"Kweli kuna kitu kikali. Lakini fundi, si ulikuwa humu siku nzima? Hukusikia?"

"Sisikii."

Mwalimu alimsogelea, akapaza sauti na kutamka herufi moja moja, kama watu wanavyowasemesha wazee: "NIMEULIZA, WAKATI UNAPAKA, HUKUSIKIA HARUFU?"

Kina mama wawili walicheka kidogo. Katika siku nyingine yoyote na yeye angecheka. Palikuwa na ule mlango wa uani, na kama angetaka, angeweza kujifanya kiziwi, akatikisa kichwa, akaondoka, na watu wangesema masikini, uzee huo.

"Masikio yangu mazima, mama," akasema. "Pua ndiyo imekufa. Nimepaka dawa ya mchwa kwenye vitanda vya watoto kwa sababu sikuweza kujua ni kopo lipi. Sikumwambia mtu."

Kicheko kilikatika. Ikawa ni purukushani ya mikono, kila mama akimvuta wake nyuma, khanga na mashali vikifunika nyuso ndogo. Mmoja alikuwa ameshamtua mwanawe sakafuni, naye mtoto alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Alimnyakua, akamkagua viganja, akavisugua kwenye sketi yake ya ofisini tena na tena. Mwingine alimwambia Fundi Pua maneno ambayo nitayaacha hapo hapo mlangoni. Aliyapokea. Hakuna tusi lililokuwa geni, yote alikuwa ameshajitukana Jumamosi. Mlinzi alipiga simu kwa mwenye jengo, na mwenye jengo akasikika akifoka mpaka mlinzi akaweka simu mbali na sikio.

Fundi Pua aliingia ndani na bisibisi. Mbao hizo hazikuwa za kusugua wala kupaka juu, zilikuwa za kutoka. Alianza na ule upau wa ukutani, akizifungua skrubu alizozifunga mwenyewe, na bintiye akafungua madirisha yote. Hofu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imebadilika sura, haikuwa tena ile ya kukamatwa. Alidhani sasa imeanza kwisha.

Mwalimu hakuondoka na wengine. Alikuwa ameliweka boksi chini, amejiziba pua kwa leso, anamwangalia akifanya kazi. Sasa alizungumza kwa sauti yake ya kawaida, ile laini, wala hakuwa na hasira.

"Tangu lini, fundi?"

"Mwezi wa nane huu."

"Na katika miezi hiyo minane," Mwalimu akasema, "umepaka wapi kwingine?"

Bisibisi ilibaki ndani ya skrubu. Nakwambia kweli, kwa siku tatu alizokuwa akitetemeka, swali hilo halikumpitia kichwani hata mara moja. Hofu ya mlango huu mmoja ilikuwa imemjaa pomoni. Akaona sasa milango yote, mmoja nyuma ya mwingine, yote yenye rangi nzuri, watu wakiingia na kutoka. Miezi mitano ya kumbukumbu. Mitatu ya kamba, na msaidizi mwenye mikono isiyotulia. Akaketi sakafuni.

Aliomba kalamu. Mwalimu hakuwa na karatasi nyingine ila ile ya mahudhurio ya siku ya kwanza, yenye majina ya watoto kumi na wanane na visanduku vitupu pembeni. Fundi Pua aliigeuza upande wa nyuma, akaiweka juu ya goti. Bintiye akachuchumaa akamshikia karatasi. Akaandika zahanati ya wajawazito, vitanda na makabati. Akaandika mgahawa ulio karibu na mahakama, meza zote. Akaandika maktaba ya chuo. Akaandika duka la mikate, rafu za ndani. Kila moja aliisoma kwa sauti, na Mwalimu akairudia kwa mwenye jengo, aliyekuwa upande wa pili wa simu.

Alipofika ya saba alisimama. Ilikuwa shule ndogo ya bweni, na hakuweza kukumbuka kama aliipaka kabla ya yale mafua au baada yake. Bintiye alimwambia afikiri, asiharakishe. Alifikiri. Kisha akaiandika hivyo hivyo.